Mkunga Asiyejulikana Jina

Watu hudhani kazi ya maktaba ni kupanga vitabu. Kwetu vitabu vilikuwa vichache na vya zamani, na wanafunzi wa uuguzi waliviegemea kwa viwiko zaidi ya kuvisoma. Kazi yangu halisi ilikuwa kompyuta nane zilizopangwa ukutani, sita kati yake zikiwa nzima, na hifadhidata ambazo chuo kilikuwa na ruhusa ya kuzifungua. Hifadhidata ni maghala ya makala za utafiti wa afya kutoka dunia nzima, na mtu asiyejua kuyauliza anaweza kukaa mbele yake mchana kutwa akaondoka mikono mitupu. Mimi nilijua kuyauliza. Sijigambi, maana ujuzi huo haukunifikisha mbali, na kuna mtu mmoja ambaye ujuzi huo ulimuumiza. Huyo ndiye ninayetaka kusimulia habari zake.

Nilizaliwa Kampala, katika nyumba za polisi upande wa Nakawa. Baba alikuwa konstebo kutoka kaskazini, mama naye wa huko huko, na kwa kuwa majirani walikuwa wa kila kabila, nje ya mlango sote tulisema Kiswahili. Shuleni nikachekwa. Kampala ya utoto wangu ilikiona Kiswahili kuwa lugha ya watu wenye bunduki, lugha ya kuamriwa ulale chini. Nikajifunza kukificha. Kazini nilisema Kiingereza na Kiganda, na kati ya wenzangu ni mmoja tu aliyejua kwamba nina lugha nyingine. Huyo alikuwa dada wa mapokezi ya maktaba, ambaye siku moja aliniita kwa sauti ya kunitania:

"Njoo umsikilize mtu wako. Anasema lugha ya jeshi."

Mtu wangu alikuwa mama mmoja Mkongo, mkimbizi aliyeishi mtaa wa Kabalagala na kuzungusha vitenge maofisini. Alikuwa amekaribia miaka sitini, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi mweupe upande mmoja. Alitandaza vitenge juu ya meza na kina dada wakaanza kuvishika. Yeye hakuwaangalia. Macho yake yalikuwa kwenye kompyuta iliyokuwa nyuma yangu, ambako mwanafunzi mmoja alikuwa ameacha makala wazi yenye mchoro wa mfuko wa uzazi.

"Hapo kondo ya nyuma imenasa," akasema. "Hapo mtu havuti. Akivuta, anaua."

Nikamuuliza kama ni muuguzi.

"Mi ni mkunga, papa. Mkunga wa diploma. Vitenge ni vya kula tu."

Papa kwao ni baba, neno la heshima. Alinisimulia akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya bidhaa zake. Kwa miaka mingi aliendesha wodi ya wazazi katika hospitali ndogo mashariki ya Kongo. Mbali na rejista ya hospitali, alikuwa na daftari lake mwenyewe. Humo aliandika kila mwanamke aliyetokwa damu nyingi baada ya kujifungua: saa damu ilipoanza, vitambaa vingapi vililowa, yeye alifanya nini na kwa mpangilio gani, na mama yule alitoka vipi wodini, kwa miguu au kwa machela. Hakuna aliyemwagiza kuandika. Alisema aliandika kwa sababu kila aliyekufa alimwacha akijiuliza alipokosea, na alitaka kujua.

Kisha walikuja watafiti. Mwanamke wa Kizungu mwenye kamera, na daktari kijana kutoka Uganda aliyekuwa akimtafsiria. Walikaa naye siku mbili wakipiga picha daftari, ukurasa baada ya ukurasa, naye akiwashikia kurasa zisikunjike. Waliahidi kwamba utafiti utakapochapishwa watamletea nakala. Baadaye vita vilifika, hospitali ikachomwa, shule aliyosomea ukunga ikafungwa, naye akavuka mpaka na nguo alizovaa. Huku Kampala alijaribu kujisajili ili afanye kazi yake, akaambiwa alete cheti, au barua ya shule, au ushahidi wowote ulioandikwa kwamba aliwahi kuwa mkunga.

"Basi nikawaza," akasema, akiionyesha kompyuta kwa kidevu. "Kama wale watu waliandika, mi niko ndani. Hii mashine haiwezi kunitafuta?"

Watu wa nje hawakuruhusiwa kugusa kompyuta zetu. Nilijua hivyo vizuri, maana tangazo lenyewe nililibandika mimi ukutani. Lakini sikumbuki kama kuna mtu mwingine, katika miaka yangu yote pale, aliyewahi kuniomba kitu ambacho mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kuombwa. Nikamwambia aje Jumatano mchana, wakati wanafunzi wako wodini.

Akaja Jumatano hiyo, na nyingine nyingi baada yake. Mzigo aliuacha kwa askari wa geti, akanawa mikono bombani kama mtu anayeingia leba, akaketi pembeni yangu. Nilifungua kwa nenosiri langu mwenyewe.

Kutafuta makala usiyoijua kichwa chake, mwaka wake wala waandishi wake ni kazi ya kuchosha. Daktari yule kijana alikuwa akiitwa "docteur" tu, na mwanamke wa kamera aliitwa "madame". Tulichokuwa nacho ni jambo lenyewe na mahali. Nilimweleza mama kwamba hifadhidata haikutafutii unachotaka, inakutafutia ulichoandika. Tulipoandika kutokwa damu na kujifungua, zilikuja makala maelfu, za kutoka nchi ambazo yeye hakujua kama wanawake wa huko nao hutokwa damu. Nikamfundisha kwamba ukiunganisha maneno kwa "na", mlango unabanwa, na ukiyaunganisha kwa "au", unapanuka. Neno la kutokwa damu Waingereza huliandika kwa herufi moja ya ziada ambayo Wamarekani wameitupa, kwa hiyo lazima uyaweke yote mawili, la sivyo nusu ya dunia inakupita. Kila makala hupewa pia vichwa vya mada na watu waliolipwa kwa kazi hiyo, na mara nyingi ni afadhali kutafuta kwa vichwa vyao kuliko kwa maneno yako.

Alishika haraka kuliko wanafunzi wangu. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini maneno ya uzazi yanafanana na ya Kifaransa, na yasiyofanana aliyaandika mkononi kwa kalamu. Mara nyingine aliacha kutafuta akaanza kusoma. Alisoma mihtasari ya watu wengine kuhusu damu na kutikisa kichwa. "Huyu anasema wangoje. Akingoja hivyo kule kwetu, anangoja na maiti." Nilicheka. Nilianza kuzingojea Jumatano. Alipotoka nilijikuta nikiongea Kiswahili peke yangu nikizima mashine.

Wiki zikapita bila kitu. Jina la mji wake nililiandika kama linavyoandikwa kwenye ramani, sikupata. Niliandika jina la mkoa, nikapata makala za risasi, za kipindupindu na za wanawake waliobakwa, lakini si za wodi yake. Ni yeye aliyepata jawabu. Jumatano moja ya mvua, wanafunzi wawili tu wakiwa ndani, aliivuta kibodi kwake.

"Papa, wewe unaandika 'u' peke yake. Wabelgiji walitufundisha 'o' na 'u' pamoja. Na wale Wazungu huwa wanakosea, wanaweka 'l' mahali pa 'r'."

Akaandika mji wake kwa kosa, kama mgeni angeuandika. Ikatoka makala moja.

Aliweka kidole kwenye kioo. "Ni kwetu," akasema. Kisha akapiga makofi mara moja, kwa nguvu, mpaka wale wanafunzi wakageuka. Sijawahi kuona furaha kama ile katika chumba kile, na ninasikitika kwamba nilishiriki.

Kilichofunguka kilikuwa muhtasari tu, mistari michache. Waandishi walikuwa wameandikwa kwa majina ya ukoo na herufi za kwanza, na siku ile, kwa haraka yetu, sikuyatazama. Makala yenyewe ilikuwa imefungwa. Jarida lilitaka dola, na chuo chetu hakikuwa kimelilipia. Nikamwandikia rafiki niliyesoma naye, aliyekuwa akifanya kazi katika maktaba kubwa Nairobi, nikamwomba anitumie. Baada ya siku tisa ikafika.

Niliisoma kwanza peke yangu, asubuhi, kabla hatujafungua mlango. Katika sehemu ya mbinu, pale ambapo watafiti hueleza walivyopata habari zao, walisema rejista za hospitali zilikuwa na mapengo, hivyo sehemu kubwa ya taarifa ilitoka katika daftari la mkunga wa jadi asiyejulikana jina. Nikasoma tena. Kisha nikapanda juu ya ukurasa kwenye majina ya waandishi, na la tatu nikalitambua. Lilikuwa la mkuu wa idara ya uzazi ya chuo chetu. Ofisi yake ilikuwa juu ya kichwa changu, ghorofa moja tu. Yeye pia alikuwa katika kamati iliyokuwa ikiamua, mwezi ule ule, ni nani kati yetu wa maktaba atakayeongezewa mkataba.

Ningeweza kumpigia simu mama yule nikamwandaa. Sikumpigia. Jumatano akaja amevaa kitenge kizuri ambacho si cha kuuza, na ndani ya bahasha alikuwa ameweka picha zake ndogo za kubandika kwenye fomu ya usajili. Alitaka, tukimaliza kusoma, aende moja kwa moja.

Nilimsomea nikitafsiri, mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye sentensi ile nikasita.

"Soma," akasema.

Nikasoma.

"Mkunga wa jadi ni nani?"

"Ni wewe, mama. Wanakuita wewe."

Alivua miwani akaishika kwa uzi wake.

"Walinikuta nimevaa gauni jeupe," akasema. "Diploma ilikuwa ukutani, wamekaa chini yake wakinywa chai. Jina langu niliandika juu ya jalada kwa kalamu nyekundu, maana wauguzi wa zamu walikuwa wakiiba madaftari. Walipiga picha na jalada. Mi mwenyewe niliwashikia."

Akaomba aone majedwali. Nikamfungulia. Wanawake walikuwa wamewekwa katika mistari: umri, mimba ya ngapi, kiasi cha damu, matokeo. Alianza kusoma mstari mmoja mmoja, na katika kila mstari alitaja jina. Sijui alijuaje, nadhani kwa umri na idadi ya watoto. Huyu alikuwa mke wa fundi cherehani. Huyu aliletwa juu ya baiskeli. Huyu wa mimba ya tisa alimwomba aimbe, naye akaimba huku akimkandamiza tumbo. Alipofika mstari mmoja akasimama, akasema jina kwa sauti ya chini, akaongeza: "Huyu hakufa. Wameandika amekufa. Alirudi kwao, na mwezi wa pili akaniletea kuku."

Kisha akaniuliza kuhusu waandishi.

"Yule docteur wa Uganda, jina lake lipo?"

"Lipo," nikasema, nikamwonyesha la tatu.

Akalisoma polepole, akiliunganisha herufi kwa herufi. "Unamjua?"

"Simjui."

Nilisema hivyo bila kufikiri, na baada ya hapo nilipata muda mwingi wa kufikiri bila kusema vingine. Nilijiambia kwamba nangoja mkataba upite. Nilijiambia kwamba hata akimjua hakuna kitakachobadilika. Juu yetu viti vilikuwa vikivutwa sakafuni, na nilijua kwamba anayevivuta ni yeye au wageni wake.

Alikwenda kwenye usajili hata hivyo, na makala mkononi. Ofisa aliyemhudumia alikuwa mpole, alinisimulia baadaye. Aliisoma yote. Akamwambia kwamba karatasi hii inamtaja mkunga wa jadi, na mkunga wa jadi hasajiliwi. Tena hata huyo hajulikani jina. Kama mmoja wa waandishi angeandika barua kwamba aliyetajwa ni yeye na kwamba alikuwa mkunga wa hospitali, wangeliangalia ombi lake upya.

Jumatano mbili hakuja. Ya tatu akaja bila mzigo, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amekwenda kwenye duka la intaneti Kabalagala, akaketi peke yake, akafanya nilichomfundisha. Aliandika jina la daktari mahali pa jina la mwandishi, akaongeza Uganda, akapanga matokeo kuanzia mapya. Makala mpya hubeba anwani ya mwandishi chini ya jina lake. Alikuwa ameinakili kwa mkono, kwa mwandiko ule mzuri wa watu waliosomeshwa na masista.

Akaitandaza mbele yangu. "Papa, hii si nyumba hii?"

Nikasema ndiyo.

"Yuko wapi?"

Nikanyoosha kidole juu.

Nilitegemea anitukane. Alikunja karatasi tu, akasema, "Nipeleke."

Daktari alitupokea akiwa amesimama. Alikuwa amenenepa, na nywele zimekuwa mvi, lakini mama alimjua mara moja na akamsalimia kwa Kiswahili, salamu ndefu ya kwao, akimuuliza habari za watu wa nyumbani. Daktari akanigeukia mimi akasema kwa Kiingereza:

"Mwambie siongei lugha hiyo."

Nikamwambia mama. Akanitazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Lakini alinitafsiria siku mbili. Kwa lugha gani?"

Hilo sikulitafsiri. Nilimwambia daktari kwamba mama anamkumbuka kutoka Kongo, kuhusu makala fulani ya zamani.

"Nilifanya kazi sehemu nyingi kule," akasema daktari. "Mwambie samahani, simkumbuki."

"Anakumbuka," mama akasema, akimtazama yeye na si mimi. "Alilala kwa nyumba yangu. Alikula kwangu. Alikuwa na homa nikamchoma sindano, mi mwenyewe, kwa mkono huu. Mkunga wa jadi anachoma sindano? Aseme."

Nikatafsiri. Nilisema: anasema labda umesahau, kwamba aliwahi kukuhudumia ulipougua, naye anaomba barua fupi ya kuthibitisha kwamba alikuwa mkunga. Kila nilichokitoa kinywani kilikuwa cha kweli, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kama alivyokisema yeye.

Daktari akaketi. Alisema, kwa sauti nzuri aliyoitumia kwa wagonjwa, kwamba makala ikishachapishwa haiguswi. Kwamba mwandishi mkuu ni yule mwanamke, naye amestaafu. Kwamba yeye hawezi kuandika barua kuhusu mtu asiyemkumbuka, itakuwa udanganyifu. Kisha akauliza, bado akitabasamu, mama huyu aliipataje makala, kwa sababu anavyojua chuo hakilipii jarida lile.

Swali hilo lilikuwa langu. Nikajibu kwamba sijui.

Tuliposhuka ngazi mama alisimama kwenye kona, akashika ukuta. Nilidhani amechoka.

"Sikusema 'labda'," akasema.

Nilikuwa nimesahau kwamba yale maneno ya Kiingereza aliyokuwa akiyaandika mkononi Jumatano zote zile hayakuwa ya uzazi peke yake.

"Na uliniambia humjui," akaongeza. Hakupandisha sauti. Alishuka ngazi zilizobaki, akaaga kina dada wa mapokezi, akatoka getini.

Juma lililofuata tuliletewa waraka: watu wasio wa chuo wasikanyage maktaba kwa sababu yoyote, wauzaji wakiwemo. Tuliambiwa kila mmoja atie sahihi kwamba ameusoma. Nikatia sahihi. Mwisho wa mwezi mkataba wangu ukaongezwa, na barua ya kuongezwa ilikuwa na majina ya kamati nzima chini yake, la daktari likiwa la tatu, kama kwenye makala.

Nilipokuwa na hakika na mshahara wangu, ndipo nikawa jasiri. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimwandikia mhariri wa jarida barua ndefu kwa Kiingereza bora nilichonacho. Nilieleza daftari ni la nani, alisomea nini, alifanya kazi wapi, na kwamba katika jedwali kuna mwanamke aliyeandikwa amekufa naye hakufa. Jibu lilikuja mapema kuliko nilivyotarajia. Walishukuru kwa kufuatilia kwangu. Walisema masahihisho huombwa na waandishi, na kama nina shaka yoyote, niwasiliane na mmoja wao.

Nilichapa barua yangu na jibu lao, nikaenda Kabalagala kumtafuta. Wanawake wa Kikongo wanaouza vitenge walinielekeza kwenye zahanati moja ya binafsi, nyuma ya safu ya baa ambazo mchana huwa zimefunga milango na kunuka dawa ya kusafishia sakafu. Nilimkuta uani, ameketi kwenye kigoda mbele ya beseni, anasugua koleo na mikasi ya leba kwa brashi. Alikuwa ameajiriwa kuosha vyombo.

Tulisalimiana. Nilimwomba msamaha, maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, na yaliponitoka yalikuwa mafupi sana. Alisikiliza huku akisugua. Kabla hajajibu, mlango wa nyuma ukafunguka na msichana mwenye sare ya mkunga akachungulia, jasho usoni.

"Mama, njoo kidogo. Njoo haraka."

Akanyanyuka, akanawa hadi kwenye viwiko, akaingia. Nilikaa kwenye ngazi pale uani muda mrefu. Ndani nilimsikia akitoa maagizo, maneno mafupi mafupi ya Kiswahili na Kifaransa, na yule msichana akiitikia kila moja. Sikusikia mtu akilia. Alipotoka, aproni yake ilikuwa na damu hadi magotini, naye alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kupika chakula cha watu wengi.

"Mzima?" nikauliza.

"Wote wawili." Akaketi tena mbele ya beseni. "Wananiita ikiwa ngumu. Ikiwa nyepesi wanafanya wenyewe."

"Na kwenye rejista wanaandika nani?"

"Yule mtoto aliyeniita. Yeye ana leseni." Aliinua koleo akaitazama kwenye mwanga. "Ni mtoto mzuri. Anajifunza."

Nikamuuliza kama bado anaandika daftari lake.

"Siandiki," akasema. "Ninaandikia nani?"

Nikampa zile karatasi. Nilimweleza ni nini: barua niliyoandika kwa mhariri, na jibu. Alikausha mikono, akavaa miwani, akasoma zote mbili kwa Kiingereza, peke yake, midomo ikitembea. Ilimchukua muda. Mahali fulani alirudi nyuma akasoma tena, na nilijua kuwa ni pale nilipotaja diploma yake.

"Umeandika vizuri," akasema. Akatazama tarehe niliyoandika juu, akaonekana kuhesabu. "Hii ni baada ya wewe kupewa mkataba?"

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa kidogo, kama alivyokuwa akifanya mbele ya mihtasari ya watu wengine, akanirudishia karatasi.

"Zishike wewe, papa. Jibu lilikuja kwa jina lako."

Akavuta beseni karibu na miguu yake, akaanza kusugua mikasi. Nilisimama pale kidogo, nikaaga, naye akaitikia kwa adabu kama anavyomwitikia mteja. Barabarani nilipanda boda boda nikarudi kazini, kwa kuwa saa tisa nilikuwa na darasa la mwaka wa kwanza, la kuwafundisha kutafuta. Walikuwa wengi siku hiyo. Walikaa wawili wawili kwa kila kompyuta, nikawaambia wafungue hifadhidata, nikaanza na tofauti ya "na" na "au".